Gari Lililokunywa Kombe

Nakumbuka kiangazi kile ambacho gari letu lilikataa kukauka. Andika tu, mwanangu. Kama unaona haya kuniangalia, angalia karatasi yako, na mimi nitaangalia nje, hivyo tutaelewana. Nikisema neno usilolijua, niulize. Nikinyamaza, ningoje.

(Nimemwambia Bibi nitaandika kama anavyosema, bila kumrekebisha. Amecheka.)

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa msichana wa umri kama wako. Tulikaa hapa hapa Gisenyi, mtaa wa Waislamu, nyuma ya soko. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki. Nyumbani tulikuwa na Baba, aliyeuza vitambaa. Alikuwepo Nyanya Zena, mama yake Baba, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini pua na masikio yalimfanyia kazi yote. Alikuwepo shangazi yangu Mariamu, aliyeachika akarudi kwao na kushika funguo za nyumba. Na alikuwepo Mama Mdogo.

Huyo Mama Mdogo ndiye ninayetaka umjue. Jina lake lilikuwa Halima, jina alilopewa aliposilimu ili aolewe na Baba. Kwao walikuwa wavuvi, watu wa kanisa, huko chini ufukweni. Alikuwa na sauti ndogo kama yako. Ukimlaumu, anainamisha kichwa kwanza, ndipo anaanza kufikiri kama kweli amekosa. Na alikuwa na jambo moja ambalo mtaa mzima ulilijua, maana mji ulikuwa mdogo: kaka yake aliingia ziwani kuvua, mtumbwi ukarudi peke yake. Hakupatikana. Hakuna aliyemzika.

Basi Baba akanunua gari. Alilipata ng'ambo, upande wa Goma, kwa Mzungu wa shamba aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa gari jeusi, kubwa, lenye mabega ya mviringo, limeshatumika hata ngozi ya viti imepasuka kama kisigino. Mbele ya kioo, pale ambapo ungesema ni paji la uso, palikuwa na kidirisha kidogo cha bati cha kuingiza hewa. Mzungu alimwonyesha Baba taa, akamwonyesha honi. Habari ya maji hakuitaja.

Gari lilipeleka vitambaa soko la Nyakiriba, huko juu kwa wakulima. Baba anashika usukani, Shangazi anakaa mbele kando yake, mimi na Mama Mdogo nyuma na mafurushi. Upande wa kulia ulikuwa wa Mama Mdogo. Jioni gari linarudi uani kwetu, linalazwa mahali pale pale, pua ikielekea nyumba, mkia ukielekea barabara.

Masika ilipoanza tuliona maji. Si mengi. Yalijaa chini ya miguu ya Mama Mdogo, katika lile shimo la kuwekea miguu, nyuma kulia. Baba akasema ni mvua, nani asiyejua kwamba mvua huingia? Akayafuta kwa gunia, kesho yake yakarudi, akayafuta tena. Hakuna aliyeshtuka.

Kisha mvua ikakatika. Unakijua kiangazi chetu. Ziwa linakuwa jeupe kwa ukungu mkavu, vumbi la barabara linaingia hadi kwenye sufuria, na jioni ule wekundu wa mlima wa moto unakaa juu ya Goma kama mtu aliyesahau kuzima jiko. Hakukuwa na wingu. Lakini ukifungua mlango wa nyuma wa gari, maji yapo.

Asubuhi vioo vilikuwa vimepofuka kwa ndani. Mimi ndiye niliyetumwa kuvifuta. Nje pakavu kabisa, ndani kioo kimejaa matone madogo madogo, kama mtu amelala humo usiku kucha akipumua. Na ile harufu, mwanangu. Harufu ya majani ya ziwani yaliyooza. Nilikuwa nafuta haraka, nimegeuza uso, mguu mmoja uko nje.

Tukipanda kwenda Nyakiriba ilikuja sauti. Gari likiinua pua mlimani, kitu kilisogea chini yetu kuelekea nyuma, taratibu, kama mtu anayevuta miguu yake ili akae vizuri. Tukianza kuteremka, kitu kile kile kikarudi mbele. Shangazi alianza kusoma dua. Mama Mdogo alikunja miguu juu ya kiti na kuikumbatia.

Siku moja tulipofika uani, Shangazi akafungua mlango wa nyuma, akachovya kidole, akasimama katikati ya ua mikono kiunoni.

"Kaka, mvua iko wapi? Nionyeshe wingu moja tu."

"Hakuna," Baba akasema.

"Bon. Mbele, pale mi nakaa, iko kavu. Kwako iko kavu. Kwa Zuhura iko kavu. Donc, basi, hii maji inatoka kwa nani?"

Zuhura ni mimi. Sikiliza vizuri swali lile, mwanangu. Hakuuliza yanatoka wapi. Aliuliza yanatoka kwa nani. Na swali likishaulizwa hivyo, watu wote walio uani wanageuza shingo upande mmoja.

Mama Mdogo aliinamisha kichwa.

"Wifi, mi sijui," akasema.

"Hujui? Maji ya ziwa inakufuata mpaka ndani ya voiture, gari ya watu, na we hujui?"

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayechoshwa na kelele, na mtu wa namna hiyo humpa haki anayepiga kelele zaidi. Alisema tu, "Tuache hii maneno, watu wanasikia." Walikuwa wameshasikia. Kufika magharibi, wanawake kwenye bomba la maji walikuwa wanasema kwamba yule kijana wa ziwani amepata gari la kupanda.

Hapo Shangazi akaleta dawa. Wengine siku hizi hamlijui kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yanasuuzwa kwa maji na marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Ni kitu cha heshima sana. Yakibaki hayamwagwi panapokanyagwa na miguu. Shangazi alikwenda kwa mwalimu akamwambia kuna mgonjwa nyumbani. Hakumwambia kwamba mgonjwa ana magurudumu manne.

Kila Alhamisi baada ya alasiri alilichanganya kombe lile katika birika kubwa, litoshe mwili wote wa gari. Akasimama mbele akamimina polepole kwenye paji la uso, chini ya kioo, akinong'ona. Mara ya kwanza watoto wa jirani waliokuwa wanachungulia walikimbia, maana maji hayakumwagika chini. Yaligusa bati, yakapotea.

"Tazameni!" Shangazi akasema. "Imekunywa! Imekunywa yote!"

Yeye alifurahi, aliona dawa imepokelewa. Mimi nilirudi nyuma. Hujaona chuma kinakunywa, wewe. Hakina koo, hakina sauti. Kinakunywa birika zima, kisha kinakaa kimya na kukutazama kwa taa zake mbili.

Ijumaa asubuhi nilifungua mlango nikafute. Maji yaliyokuwa chini ya kiti cha Mama Mdogo yalikuwa mekundu.

Si mekundu ya kuchinja ng'ombe. Yalikuwa membamba, rangi ya kutu, kama maji uliyooshea kidonda. Nilipiga kelele, Shangazi akaja, naye akapiga kelele. Baba alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akaangalia, akafunga mlango.

Wakaongeza dawa. Na kila walipoongeza, wekundu ulizidi.

(Hapa Bibi amenyamaza. Nimengoja.)

Sasa nikwambie lililonitisha kuliko hayo yote. Jioni moja, adhana ya magharibi inakaribia, nilimtafuta Mama Mdogo nimpe mchele wa kuchagua. Chumbani hayupo, jikoni hayupo. Nilipopita uani niliona gari limefungwa milango yote, vioo vimepofuka, na ule mwanga wa mlima umepaka kila kioo rangi ya kaa la moto. Ndani kulikuwa na sauti ya mtu anaongea.

Nilisimama. Sauti inaongea, inanyamaza kama inasikiliza, inaongea tena.

Nilifungua. Alikuwa amekaa mahali pake nyuma kulia, peke yake, miguu ndani ya yale maji hadi kwenye vifundo. Hakushtuka kuniona.

"Mama Mdogo, unaongea na nani?"

"Namuuliza anataka nini," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Hajibu. Anasogea tu. Nadhani iko na baridi, Zuhura. Nadhani anataka mi nimufuate."

Nilimshika mkono nikamtoa. Mguu wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na nyayo zimekunjamana, maana alikaa humo muda mrefu. Usiku ule nililala chumba kimoja naye, nimefunga kona ya kanga yake kwenye kanga yangu, ili akiamka niamke. Alikuwa ameacha kula. Alipoambiwa kwamba ataleta balaa dukani kwa Baba, alijibu ndiyo. Alipoambiwa labda ni vizuri arudi kwao, alijibu ndiyo. Watu walisema, mnaona, hata yeye mwenyewe anakubali! Na kurudi kwao kulikuwa kurudi wapi, mwanangu? Ufukweni, hatua chache kutoka kwenye yale maji aliyodhani yanamwita. Mimi nililijua hilo.

Nyanya Zena hakuambiwa kitu. Hakuwahi kuingia katika gari lile; alisema linanuka mbwa na tumbaku. Baba na Shangazi walimficha, wakisema ni kwa heshima ya umri wake. Nafikiri waliogopa ulimi wake. Alichoambiwa ni kwamba Halima anakwenda kwao kupumzika.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Furushi la Mama Mdogo lilikuwa mlangoni. Baba yuko kwenye usukani tayari, Shangazi kando yake. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ukuta kama wanangoja ngoma. Mama Mdogo akafika kwenye mlango wa nyuma akasimama. Hakuweza kuingia.

Ndipo Nyanya akatoka, amenishika bega.

"Nionyesheni pale mukwe wangu atakaa," akasema. "Nimuombee safari."

"Mama, rudi ndani, kuna baridi," Baba akasema haraka.

Nyanya alishapeleka mkono ndani. Aliupapasa mlango, kiti, akainama hadi chini. Mkono ukatoka umelowa. Akavinusa vile vidole. Akavinusa tena. Halafu akaita.

"Mariamu."

"Labeka, mama."

"Nani anakunywa kombe humu nyumbani?"

Shangazi akashuka garini.

"Hii ni marashi ya waridi. Hii ni zafarani. Nauliza, nani mugonjwa?"

"Gari, mama," Shangazi akasema.

"Gari." Nyanya alifikiri kidogo. "Inaumwa nini? Tumbo?"

Ukuta mzima wa majirani ukacheka. Nyanya hakucheka. Aliposimuliwa yote, wekundu, sauti, yule kijana wa ziwani, uso wake ulibadilika mpaka nikatamani kuondoka.

"Aya za Mungu," akasema. "Mumezimwaga pale binadamu anaweka miguu."

"Hapana, mama, hakuna tone ilianguka chini," Shangazi akajitetea. "Gari ilikunywa yote, uliza watu!"

"Ilikunywa. Na kitu ikikunywa, maji inaenda wapi? Inapanda mbinguni? Leta birika. Weka maji tupu, maji ya bomba. Zuhura, ingia ndani, lala chini pale mbele, funga milango, useme unachoona."

Baba naye akashuka, nikaingia, mwanangu. Nililala chali pale miguu ya Shangazi hukaa, kichwa changu kiko chini ya ule ubao wa saa na vitufe. Milango ikafungwa, na sauti za watu zikawa mbali ghafla, kama niko chini ya maji. Vioo vilikuwa vyeupe. Niliona kivuli cha Shangazi kikija mbele ya kioo, kirefu, bila uso, kikiinua mkono. Halafu, juu yangu, ndani ya giza la vyuma, kitu kilianza kutembea.

Kilitembea kwa vidole vidogo vidogo. Kilisimama. Kikaendelea. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikumbuka mguu wa Mama Mdogo jinsi ulivyokuwa baridi, nikauma midomo. Tone likaniangukia shingoni. Lingine. Nikainua mkono kulitafuta lilikotoka, nikagusa uzi wa maji, mwembamba, unateremka kutoka chini ya kile kidirisha cha hewa, unapita nyuma ya ubao, unaingia chini ya mkeka wa mpira. Juu ya mkeka pakavu kabisa! Nikaufunua mkeka. Chini yake kulikuwa na kitambaa kinene kama blanketi kilichogundishwa kwenye bati, na kilikuwa kimelowa, kimeoza, kimekuwa chekundu kwa zafarani ya wiki zote zile.

"Nyanya!" nikaita. "Inaingia hapa mbele! Inapita chini ya mkeka, inaenda nyuma!"

"Kwa nini nyuma?"

Nikatazama. Nilihisi mwili wangu unateleza kuelekea miguuni kwa jinsi nilivyolala, hapo nikaelewa. "Kwa sababu nyuma ndiko chini, Nyanya. Ua wetu umeinama. Tena umeinamia kulia."

"Sefu," Nyanya akamwambia Baba, "geuza gari."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Walianza kuangalia zamani. Geuza."

Baba aligeuza gari, akalirudisha pale pale, mara hii pua barabarani, mkia nyumbani. Akabaki amekaa kwenye usukani. Shangazi akamimina birika la pili. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu. Tukangoja, tukangoja. Kisha nikaona Baba anainua mguu mmoja polepole. Akainua na wa pili.

"Iko wapi sasa?" Nyanya akauliza, maana hakuona.

Majirani wote walikuwa wanatazama viatu vya Baba, viatu vyake vya Ijumaa, na yale maji mekundu yanavyovizunguka.

Aliyejibu alikuwa Mama Mdogo.

"Iko kwa miguu ya Baba Zuhura," akasema.

"Ayiwee," Nyanya akasema. "Mariamu, funga nguo za kaka yako. Lazima tumurudishe kwao." Akatikisa kichwa. "Shida ni kwamba kwao ni kwangu, na mi simutaki."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Hata Baba alicheka, kicheko cha aibu, bado ameinua miguu hewani. Mimi nilikuwa namtazama Mama Mdogo. Hakucheka. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Lakini mama," akasema, "mi nilimusikia."

Kicheko kikafa.

Nyanya alimtafuta kwa mkono, akamshika shavu. "Ulisikia maji, shenge, mwanangu. Maji inatembea ndani ya hii bati. Zuhura pia ameisikia sasa hivi. Lakini sisi ndio tulikuambia iko na jina." Kisha akawageukia Baba na Shangazi, na sijawahi kusikia sauti ile tena. "Hii ya gari mutaikausha na gunia. Haya, nileteeni gunia ya kukausha hii ingine, hii mumeweka ndani ya mutu."

Mama Mdogo akainua furushi lake. Tulidhani analirudisha ndani. Akatoka nalo barabarani.

"Panda nikupeleke basi," Baba akamwita. "Sasa tunajua ni kitu gani."

Aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anamtazama Baba usoni mbele za watu.

"Mulisema mbele ya mutaa yote mi naleta maji," akasema. "Mi nitatembea."

Nilimfuata mpaka ufukweni, Nyanya alinituma. Nilikaa kwao siku kadhaa, nikalala naye, kanga kwa kanga kama kule nyumbani. Mama yake hakuuliza mengi. Alimpa kazi ya kuanika samaki wadogo juani, mgongo kwa ziwa, na akaanza kula.

Gari lilitengenezwa bila taabu. Mpira wa kile kidirisha ulikuwa umekauka na kukatika, na kile kijibomba cha kutolea maji nje kilikuwa kimezibwa na nyigu kwa udongo. Baba alikata mpira wa ndani wa baiskeli akaugundisha pande zote, akazibua bomba kwa waya. Lile blanketi la chini, ambalo ndilo lililoficha maji ya masika hata mvua ilipokatika, walilitoa wakaliacha juani. Mwalimu wa chuo aliposikia kombe lake limetumiwaje alikuja mwenyewe, na Shangazi alijificha jikoni hadi alipoondoka.

Kumrudisha mke ndiko kulikokuwa kazi. Kwanza Baba alimtuma Shangazi na kitambaa kizuri, kile cha maua ambacho wanawake wa mjini walikuwa wanakigombania. Shangazi alirudi nacho kimekunjwa vile vile. Nyanya akamwambia Baba, "Ulimuchafua mbele ya watu. Unataka kumusafisha kwa siri?"

Basi Baba akashuka ufukweni kwa miguu, wakati mitumbwi inapakua na wauza samaki wote wapo. Nilikuwepo. Baba yake Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, hakusimama. Baba alisimama mbele yake na viatu mchangani, akasema kwa sauti ambayo hata mitumbwi ya nyuma ilisikia:

"Maji ilikuwa ya gari yangu. Ni mi na dada yangu tulikuwa tunaimwaga. Halima hakuleta kitu. Nilisema uongo juu yake, na niko hapa kusema hivyo."

Wavuvi wakaanza.

"We Muswahili wa mujini! Gari inakunywa, hukuuliza inakojoa wapi?"

"Mutumbwi ikivuja sisi tunatafuta tundu. Nyinyi munafukuza muke!"

Baba alisimama pale akapokea yote. Nilimwonea huruma, na nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine zote. Mzee yule aliwaacha wamalize, ndipo akageuka kwa binti yake aliyekuwa kwenye samaki.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Mama Mdogo akasema.

"Unasema nini?"

Alimaliza kuanika samaki waliokuwa kwenye kikapu, mmoja mmoja, huku wanaume wote wale wanangoja. Kisha akanawa mikono. "Atangulie," akasema. "Mi nakuja."

Akaja. Akakaa nasi mpaka uzee, akazaa wadogo zangu, akamzika Nyanya, akamzika Baba. Lakini nikwambie kitu ambacho watu hawakukijua. Gari lile lilikauka kabisa. Masika ya pili ilinyesha hadi barabara ya Nyakiriba ikakatika, na ndani ya gari hakukuwa na hata unyevu. Pamoja na hayo, kila alipotaka kupanda, Mama Mdogo aliinama kwanza, akaweka kiganja chini pale pa miguu, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakitazama. Ndipo akapanda. Alifanya hivyo kwenye gari lile, na magari mengine yaliyokuja baadaye, na mabasi, hadi mwaka aliokufa. Wakati mwingine niliona midomo yake inasogea. Sikumuuliza anasema nini.

Sasa weka nukta, mwanangu, nikuambie kwa nini nimekusimulia wewe na si wale ndugu zako wanaopiga makelele.

Wewe ni mpole. Mtu mpole watu humtwisha mambo, kwa sababu hawarudishii. Siku itakuja, katika ndoa, au kazini, au hapa hapa nyumbani, jambo litaharibika, na watu watageuza shingo kukutazama, kwa sababu tu limeonekana karibu na miguu yako. Usikubali upesi. Usiseme ndiyo ili kelele ziishe. Waambie, tufunue mkeka kwanza. Panapoonekana maji sipo yalipoingilia. Fuata juu, fuata nyuma, geuza gari kama ni lazima, halafu ndipo useme. Na kama ni wewe kweli uliyekosa, utaliona mwenyewe, na utakuwa na nguvu ya kusema.

Na siku utakayokuwa wewe ndiye mwenye funguo, unayesikilizwa na nyumba, usiulize inatoka kwa nani kabla hujauliza inatoka wapi. Angalia pia dawa unayoimimina kila wiki, usije ukawa ndiyo inayolisha ugonjwa. Na ukimsemea mtu vibaya mbele za watu, shuka mchangani na viatu vyako, umsafishe mbele ya watu wale wale. Wakikucheka, simama.

Haya, funga kalamu. Lete kichwa hapa, hata kama unaona haya. Mungu akupe sauti ya kutosha wakati utakapoihitaji, si kubwa kuliko hiyo. Akupe watu ambao jambo likiharibika watainama chini pamoja nawe kutafuta, kabla ya kunyoosha kidole. Akulaze pakavu, akuamshe pakavu, na wote uwapendao. Amina.

(Nimesema amina. Nimesema kwa sauti, na Bibi amesikia.)